Mwana wa Mwalimu na Sinema ya Watu wa Kazi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: maisha ya John Grierson wa Uskochi

Wale waliokaa nyuma wasogee karibu ili kila mtu asikie. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni jina hili: John Grierson. Chini yake andika miaka hii miwili: 1898 na 1972. Mwaka wa kwanza ndio aliozaliwa, na wa pili ndio aliokufa.

Leo tutazungumza habari za mtu mmoja wa Uskochi, nchi iliyo upande wa kaskazini wa kisiwa cha Uingereza. Kazi yake ilikuwa kutayarisha filamu. Pengine mwenzetu mmoja anajiuliza, "Sisi tunajifunza kusoma na kuandika. Habari za mtu wa sinema zitatufaa nini?" Nakuomba, ndugu yangu, usikilize mpaka mwisho. Mtu huyu aliishi na swali moja maisha yake yote, na swali lenyewe linatuhusu sisi sote. Swali ni hili: mtu wa kawaida, mvuvi au mchimba makaa au mama wa nyumbani, atawezaje kuyafahamu mambo ya nchi yake, na nchi itawezaje kumfahamu yeye?

NYUMBA ALIMOZALIWA

John Grierson alizaliwa tarehe 26 Aprili 1898 katika kijiji cha Deanston. Kijiji hicho kilikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo za pamba, na watu wengi wa hapo waliishi kwa kazi ya kiwanda. Baba yake, Bwana Robert Grierson, alikuwa mwalimu. Katika ukoo wa baba walikuwamo watunza minara ya taa, yaani watu wanaokaa pwani au visiwani na kuwasha taa usiku ili meli zisipande miamba. Mama yake, Bibi Jane Anthony, alikuwa binti wa fundi viatu, naye pia alikuwa amesomea ualimu.

Mwaka 1900 baba alipata kazi ya mwalimu mkuu katika kijiji cha Cambusbarron, karibu na mji wa Stirling. Familia yote ikahamia huko. John alikuwa mtoto wa nne katika watoto wanane. Wavulana walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake Anthony. Waliobaki wote walikuwa wasichana. Tuwakumbuke wawili kati ya dada zake, Ruby na Marion, kwa sababu tutakutana nao tena mbele.

Katika kijiji hicho waliishi wachimba makaa ya mawe na wafanya kazi wa viwandani. Watoto wao ndio waliokuwa wanafunzi wa Bwana Robert. Yeye aliamini kwamba elimu haikuwekwa kwa ajili ya matajiri peke yao. Mama naye hakukaa kimya. Alisimama mbele ya watu katika mikutano ya siasa na kukitetea chama cha wafanya kazi, wakati ambapo wanawake wa nchi ile hawakuwa bado na haki ya kupiga kura. Tena wachimba makaa walipogoma, na nyumba zao zikakosa chakula, mama huyu alianzisha jiko la supu ili watoto wa wagomaji wasilale na njaa.

Wazee wetu wamesema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nyumbani mwa Grierson mtoto alijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwa baba alijifunza kwamba watu wafundishwe. Kwa mama alijifunza kwamba watu wana haki ya kusema.

VITA NA CHUO

Vita Kuu ya kwanza ilianza mwaka 1914. John alijiunga na jeshi la maji, akawa mpokeaji wa simu za upepo katika meli za kufagia mabomu. Mabomu hayo yalitegwa baharini na adui, na meli ndogo zilitumwa kuyatafuta na kuyaondoa ili meli nyingine zipite salama. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Lakini humo alijifunza bahari, akajifunza pia tabia za mabaharia na wavuvi, jinsi wanavyozungumza na wanavyofanya kazi kwa pamoja.

Vita vilipokwisha alikwenda Chuo Kikuu cha Glasgow, akamaliza masomo yake mwaka 1923. Mwaka uliofuata alipata msaada wa masomo akaenda Marekani, katika mji wa Chicago. Huko aliona mamia ya maelfu ya watu waliohamia kutoka nchi za mbali, kila mmoja na lugha yake, wakijaribu kuifahamu nchi mpya. Alitaka kujua walikuwa wakipata wapi habari zao. Aliona kwamba wengi hawakusoma vitabu vizito vya siasa. Walisoma magazeti yaliyoandika habari kama hadithi, na walikwenda sinema.

Wakati huo mwandishi mmoja mashuhuri wa Marekani, Walter Lippmann, alikuwa ameandika kwamba mambo ya dunia yamekuwa mengi na magumu mno, na raia wa kawaida hawezi kuyafahamu yote. Kama ni hivyo, utawala wa watu wote utasimamaje? Kura ina maana gani mkononi mwa mtu asiyejua anachokipigia? Grierson aliyapima maneno hayo kwa muda mrefu. Jibu lake lilikuwa la mtoto wa mwalimu: kama watu hawafahamu, tutafute njia bora ya kuwafahamisha. Naye aliiona njia hiyo katika sinema.

Mwaka 1926 aliandika katika gazeti moja la New York kuhusu filamu iliyoonyesha maisha ya watu wa visiwa vya Samoa. Katika makala hiyo alitumia neno moja la Kiingereza linalotokana na neno "hati". Alitaka kusema kwamba filamu ya namna ile ina thamani ya hati, yaani ni ushahidi wa jinsi watu wanavyoishi. Neno hilo lilienea duniani kote. Sisi leo tunasema "filamu ya hali halisi". Kabla ya hapo filamu za kuonyesha maisha ya kweli zilikuwapo, lakini hazikuwa na jina moja walilolikubali watu.

WAVUVI WANAINGIA SINEMA

Mwaka 1927 Grierson alirudi Uingereza akitafuta kazi. Alipata nafasi katika Halmashauri ya Masoko ya Himaya. Halmashauri hiyo iliundwa mwaka 1926 ili kuwashawishi Waingereza wanunue bidhaa za nchi zilizokuwa chini ya utawala wao. Hata Afrika Mashariki ilikuwamo katika matangazo yake. Ilibandikwa picha ya wapagazi wenye mizigo kichwani, na pamoja nayo picha ya lori, ili Mwingereza aone usafiri wa zamani na usafiri mpya. Jambo hili tulishike. Fedha za filamu za Grierson zilitoka serikalini, nayo serikali ilikuwa na shabaha yake.

Sasa sikilizeni jinsi alivyoipata filamu yake ya kwanza. Wakubwa wa hazina hawakupenda kutoa fedha za serikali kwa ajili ya sinema. Lakini mmoja wa wakubwa hao, Bwana Arthur Samuel, alikuwa amewahi kuandika kitabu kizima juu ya samaki aitwaye heringi. Basi Halmashauri ikamletea shauri la kutengeneza filamu juu ya uvuvi wa heringi. Angekataaje? Fedha zikatoka.

Filamu hiyo inaitwa Drifters. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini London tarehe 10 Novemba 1929. Haina sauti. Inaonyesha meli ndogo za mvuke zikitoka bandarini, wavuvi wakitupa nyavu jioni, wakilala kidogo, halafu wakiamka kuzivuta nyavu hizo katika bahari iliyochafuka. Kisha meli zinakimbizana kurudi bandarini, samaki wanapigwa mnada, wanatiwa chumvi na kufungwa katika mapipa.

Mtu atauliza, kuna ajabu gani hapo? Ajabu ni hii. Katika filamu za Uingereza za siku zile mfanya kazi alionekana kwa nadra, na akionekana, mara nyingi alikuwa mtumishi wa kuchekesha watu. Shujaa alikuwa bwana mkubwa katika nyumba kubwa. Katika Drifters mashujaa walikuwa wavuvi wenyewe, na kisa chote kilikuwa kazi yao. Watazamaji wa London waliokula heringi asubuhi waliona kwa mara ya kwanza mikono ya watu waliowavua.

Mwaka 1930 Grierson alimwoa Bibi Margaret Taylor, aliyekuwa mwenzake katika kazi hiyo ya filamu.

MTAYARISHAJI NI NANI?

Hapa tupumzike kidogo, tueleze neno moja. Watu wengi wanafikiri kwamba mtu wa filamu ni yule anayeshika kamera, au yule anayewaambia wengine "Simama hapa, pita pale". Yule wa pili anaitwa mwongozaji. Lakini kuna mtu mwingine ambaye hatumwoni kabisa. Huyo hutafuta fedha, huchagua jambo la kuonyesha, hukusanya mafundi, huwatuma kazini, huitazama kazi yao na kusema, "Hapa pazuri, pale rudieni." Huyo ndiye mtayarishaji. Tukimfananisha na ujenzi, mwongozaji ni fundi mwashi, na mtayarishaji ni yule aliyepata kiwanja, fedha na fundi, na ambaye lawama zitamwangukia nyumba ikibomoka.

Baada ya Drifters, Grierson alifanya hasa kazi ya mtayarishaji. Aliwakusanya vijana, wengi wao bila uzoefu wowote, akawafundisha. Mwaka 1933 Halmashauri ile ya Masoko ilivunjwa, naye akahamia Idara ya Posta pamoja na kikundi chake. Huko ilitengenezwa mwaka 1936 filamu inayojulikana mpaka leo, jina lake Night Mail, yaani barua za usiku.

Filamu hiyo inaonyesha garimoshi linalobeba barua usiku kutoka London kwenda Uskochi. Ndani ya behewa makarani wamesimama mbele ya visanduku vidogo vingi, wakizigawa barua kwa miji huku treni inakimbia. Treni haisimami katika kila mji. Mfuko wa barua unaning'inizwa nje ya behewa, na kando ya reli umewekwa wavu imara. Treni inapopita kwa kasi, mfuko unanaswa na wavu, na barua za mji huo zimefika. Ninyi mliokwisha kuandika barua yenu ya kwanza kwa mkono wenu mnaweza kufahamu kwa nini watu waliipenda filamu hii. Barua moja ndogo ina jasho la watu wengi ndani yake.

Lakini hebu niwaambie siri. Zile picha za ndani ya behewa hazikupigwa ndani ya treni. Palikuwa na nafasi ndogo na kelele nyingi. Behewa la mfano lilijengwa katika jumba la kupigia filamu, na makarani waliambiwa wayumbeyumbe kidogo ili ionekane kwamba treni inakwenda. Je, huo ni uongo? Grierson alijibu kwamba filamu ya hali halisi huchukua mambo ya kweli na kuyapanga kwa ufundi. Makarani walikuwa makarani wa kweli wa posta, na kazi waliyoionyesha ndiyo kazi waliyoifanya kila usiku. Wengine hawakuridhika na jibu hilo, na ubishi huo haujesha hata leo. Ninyi wenyewe mtaujadili darasani mwisho wa somo.

NANI ANASEMA?

Tunafika sasa katika jambo kubwa la somo letu.

Mwaka 1934 kikundi cha Grierson kilitoa filamu iitwayo Song of Ceylon, juu ya kisiwa ambacho leo kinaitwa Sri Lanka. Aliyeiongoza ni Basil Wright, na Grierson alikuwa mtayarishaji. Fedha zilitolewa na wafanya biashara ya chai. Ni filamu nzuri ya kutazama: watu wanapanda mlima mtakatifu, wanavua samaki, wanacheza ngoma, wanachuma chai. Sauti tunayoisikia ikieleza ni ya mwenyeji wa kisiwa hicho, Lionel Wendt. Lakini maneno anayoyasoma yalitoka katika kitabu cha Mwingereza Robert Knox, kilichochapishwa mwaka 1681! Wachumaji wa chai wanaonekana wazi, mikono yao inaonekana, nyuso zao zinaonekana. Wao wenyewe hawasemi neno kutueleza kazi ile ni kazi ya namna gani, wala wanalipwa nini.

Ndugu wanafunzi, tunaweza kupigwa picha na bado tusisikilizwe.

Mtu aliyeliona kosa hili mapema alikuwa dada yake mwenyewe, Ruby. Ruby alikuwa mwalimu kabla ya kuingia katika kazi ya filamu. Inasimuliwa kwamba siku moja alimwambia kaka yake kuwa anawatazama watu kama samaki waliomo ndani ya bakuli la kioo, na kwamba yeye Ruby atalivunja bakuli hilo. Maneno hayo yalikuwa makali kwa mtu aliyekuwa mkubwa wake kwa umri na kwa cheo. Lakini Grierson hakuyaficha. Yeye mwenyewe aliyasimulia baadaye.

Mwaka 1935 vijana wawili waliotoka katika kikundi cha Grierson, Arthur Elton na Edgar Anstey, walitengeneza filamu juu ya nyumba mbovu za maskini wa London. Jina lake ni Housing Problems. Ruby aliwasaidia. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na wenyeji wa nyumba hizo mpaka wazoee kamera. Inasemekana aliwaambia kwamba kamera ile ni yao na kipaza sauti ni chao, basi waseme waziwazi jinsi wanavyoishi.

Nao wakasema. Mama mmoja alisimama mbele ya kamera akaeleza jinsi nyumba yake ilivyokaa upande. Mwingine alisimulia kisa cha panya mkubwa aliyeingia chumbani mwake, na jinsi alivyopambana naye. Hapakuwa na bwana wa mjini wa kuwasemea. Walisema kwa lafudhi yao, kwa maneno yao, katika vyumba vyao. Watu wa Uingereza hawakuzoea kabisa kumsikia maskini akijieleza mwenyewe sinema.

Hata hapo tusifumbe macho. Filamu hiyo ililipiwa na makampuni ya gesi. Makampuni hayo yalitaka nyumba mpya zijengwe kwa sababu nyumba mpya zingenunua gesi. Kwa hiyo filamu inaeleza ubaya wa nyumba za zamani, halafu inasifu nyumba mpya, lakini haiulizi sana ni nani aliyekuwa akipokea kodi za vyumba vile vya panya. Mwenye kulipa hakosi kuacha alama ya mkono wake. Grierson alilijua jambo hilo. Alifikiri ni afadhali kuchukua fedha za serikali na za makampuni na kusema nusu ya neno, kuliko kukaa bila fedha na kutosema kitu. Je, alifanya sawa? Swali hili pia nawaachieni.

Dada yake mwingine, Marion, naye alitengeneza filamu zake mwenyewe. Mathalan mwaka 1935 alitoa filamu juu ya watu wanaokwenda kupumzika pwani. Basi katika watoto wanane wa mwalimu wa Cambusbarron, watatu waliingia katika kazi hii.

KANADA NA MSIBA

Mwaka 1938 serikali ya Kanada ilimwita Grierson awashauri kuhusu filamu. Mwaka 1939 sheria ilipitishwa huko, ikaundwa Bodi ya Taifa ya Filamu, naye akawa mkuu wake wa kwanza. Kanada ni nchi kubwa sana, na siku hizo vijiji vingi havikuwa na jumba la sinema. Kwa hiyo Bodi ilituma watu waliokwenda na mashine ya kuonyeshea filamu kutoka kijiji hadi kijiji. Walionyesha katika shule na katika kumbi za makanisa, na mara nyingi baada ya filamu watu walibaki na kujadiliana. Mkulima aliona kazi ya mvuvi, na mvuvi aliona kazi ya mchimba madini. Filamu moja ya Bodi, Churchill's Island ya mwaka 1941, ilikuwa filamu ya kwanza kupata tuzo ya Oscar ya filamu za hali halisi.

Vita Kuu ya pili ilikuwa imekwisha kuanza. Mwezi wa Septemba 1940 meli iitwayo City of Benares ilitoka Uingereza kwenda Kanada. Ilibeba watoto 90 waliokuwa wakihamishwa ili waepuke mabomu ya Wajerumani. Ruby naye alipanda meli hiyo ili atengeneze filamu juu ya safari ya watoto hao. Usiku wa tarehe 17 Septemba manowari ya Kijerumani iliipiga meli hiyo katika bahari ya Atlantiki. Usiku ulikuwa wa baridi na dhoruba. Katika wale watoto 90, watoto 77 walikufa. Ruby hakurudi. Mwaka ule ule alikuwa ametengeneza filamu juu ya kazi ya mama wa nyumbani wakati wa vita, kazi ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi.

Huyo ndiye aliyetaka kulivunja bakuli la kioo. Kaka yake alikuwa Kanada, ng'ambo ya pili ya bahari ile ile, katika nchi ambayo dada yake alikuwa akiijia.

MIAKA YA MWISHO

Vita vilipokwisha mwaka 1945 Bodi ya Kanada ilikuwa na wafanya kazi karibu 800. Grierson akajiuzulu, akitaka kufanya kazi Marekani. Lakini mwaka huo huo karani mmoja wa ubalozi wa Urusi mjini Ottawa alitoroka na karatasi za siri, na serikali ya Kanada ikaanza kuwatafuta wapelelezi. Jina la mtu aliyewahi kuwa mwandishi wake wa ofisini lilionekana katika karatasi hizo. Grierson aliitwa akahojiwa. Hakushtakiwa kwa kosa lolote, lakini shaka ikishaingia haitoki upesi. Marekani ikamnyima ruhusa ya kuingia, na mipango yake ikavunjika.

Mwaka 1947 alipata kazi katika UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia elimu. Mwaka uliofuata alirudi katika kazi ya serikali ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1951 alisaidia kuongoza kampuni ya filamu iliyopewa fedha na serikali. Mwaka 1952 kampuni hiyo ilitoa filamu The Brave Don't Cry, iliyotokana na ajali ya kweli ya machimbo ya Knockshinnoch huko Uskochi. Mwezi wa Septemba 1950 matope yalimiminika ndani ya machimbo hayo, yakawafungia chini wachimbaji 129. Wachimbaji 116 waliokolewa, na 13 walikufa. Mtoto aliyekua kati ya wachimba makaa alikuwa amewarudia. Lakini kampuni ile haikupata faida, ikafungwa mwaka 1955.

Hakukata tamaa. Mwaka 1957 alianza kipindi chake katika televisheni ya Uskochi, akiwaonyesha watu sehemu za filamu kutoka nchi nyingi za dunia. Aliandika pia mpango wa filamu Seawards the Great Ships, juu ya mafundi wa kuunda meli katika mto Clyde. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1962. Katika miaka yake ya mwisho alikwenda tena Kanada, safari hii kufundisha vijana katika chuo kikuu, kama baba yake alivyofundisha watoto wa Cambusbarron.

John Grierson alikufa tarehe 19 Februari 1972 katika mji wa Bath, Uingereza. Majivu yake yalichukuliwa kwa mashua yakashushwa baharini, kama alivyotaka, karibu na rasi ya Old Head of Kinsale huko Ayalandi. Mashua za wavuvi zilifuata nyuma, na majivu yalipoingia majini zilipiga honi zote pamoja.

KAZI YENU

Ndugu wanafunzi, somo limekwisha, sasa ni zamu yenu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya, kila mtu ayasome kwa sauti na kuyanakili: hati, ushahidi, mtayarishaji, mwongozaji, kipaza sauti, mgomo, mnada.

Kisha jadilianeni maswali haya:

1. John Grierson aliishi miaka mingapi? Fanyeni hesabu, na mkumbuke kwamba alikufa kabla ya kufika siku yake ya kuzaliwa.

2. Baba na mama yake walifanya kazi gani, na kazi hizo zilionekanaje katika maisha ya watoto wao?

3. Makarani wa posta waliambiwa wayumbeyumbe katika behewa lisilokwenda. Je, filamu hiyo ni ya kweli au si ya kweli? Kila mtu atoe sababu.

4. Ruby alimlaumu kaka yake kwa jambo gani? Ninyi mnaona nani alikuwa na haki?

Na hii ni kazi ya nyumbani. Usiku wa leo kila mmoja wenu achukue daftari, aandike sentensi tano juu ya kazi anayoifanya kila siku. Kama wewe ni mkulima, andika shamba lako. Kama ni mama wa nyumbani, andika tangu unapoamka mpaka unapolala. Usiandike jinsi wengine wanavyoisema kazi yako. Andika unavyoijua wewe. Ukikosea herufi, mwalimu atakusahihisha herufi, lakini habari yenyewe hakuna atakayekusahihisha, kwa maana wewe ndiye uliyekuwapo.

Juma lijalo mtazisoma sentensi hizo darasani, mmoja mmoja, wengine wakisikiliza. Mpaka hapo, kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana tena.